Wacaddo: Watu Waliopoteza Nchi Bila Kushindwa Vitani

Tarehe 1 Julai 1835, wakuu na wazee wa Kicaddo, watu wa jamii za wenyeji wa Amerika, walitia alama zao chini ya mkataba ulioandaliwa na wakala wa serikali ya Marekani. Kwa dola 80,000 waliachia takribani ekari milioni moja, sehemu kubwa ikiwa kaskazini magharibi mwa jimbo la leo la Louisiana. Dola 30,000 zingelipwa kwa farasi na bidhaa, na 50,000 zilizobaki kwa mafungu ya 10,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Kifungu cha pili kiliwataka wafungashe virago ndani ya mwaka mmoja, kwa gharama zao wenyewe, watoke nje ya mipaka ya Marekani na wasirudi tena kukaa humo wakiwa taifa au kabila.

Hadi siku hiyo Wacaddo na Marekani hawakuwa wamepigana vita. Hapakuwa na jemadari aliyesalimu amri wala mji uliozingirwa. Walikuwa marafiki, na kwa miaka thelathini maofisa wa Marekani walikuwa wakiwaita hivyo, wakiwapa bendera na nishani. Tumezoea historia ya wenyeji wa Amerika ikisimuliwa kwa vita: mpanda farasi, bunduki, mauaji, kushindwa. Habari ya Wacaddo haiingii vizuri kwenye simulizi hiyo, na nadhani ndiyo sababu wengi hawaijui.

Tuanze na jina, maana lenyewe linapotosha. Kabla ya Wazungu hapakuwa na taifa moja lililojiita Caddo. Palikuwa na jamii zaidi ya ishirini zilizosemezana kwa lahaja za lugha moja, zikiishi pale ambapo leo yanakutana majimbo manne: Texas, Louisiana, Arkansas na Oklahoma. Wanahistoria huzipanga katika mafungu makubwa matatu. Kadohadacho walikaa kwenye kona kubwa ya Mto Red. Hasinai walikuwa kusini magharibi, kwenye mito Neches na Angelina, mashariki mwa Texas. Natchitoches walikuwa chini zaidi kwenye Mto Red, mahali ambapo mji wenye jina lao upo hadi leo. Wafaransa waliona Kadohadacho ni neno refu, wakalikata, na kipande hicho kikawa jina la wote. Msomaji asichanganye pia watu hawa na familia ya lugha inayoitwa kwa jina lao: Wapawnee, Waarikara na Wawichita wako katika familia hiyo, lakini ni mataifa mengine kabisa, na lugha zao hazielewani na ya Wacaddo.

Utamaduni wenyewe unaanza kuonekana ardhini kuanzia karibu mwaka 800 hadi 900 BK. Watu waliokuwa wakilima kidogo na kuwinda sana waliongeza kilimo, wakajenga vilima vya udongo. Udongo ulibebwa kwa vikapu, mzigo baada ya mzigo, hadi kilima kikawa na kilele bapa cha kujengea hekalu au nyumba ya mkuu, au kikawa kaburi la watawala. Karibu na Alto, Texas, viko vitatu. Kilichopigiwa kelele kuliko vyote kiko Spiro, mashariki mwa Oklahoma, kwenye Mto Arkansas, mahali panapohusishwa na mababu wa Wacaddo na wa Wawichita.

Spiro inastahili kusimama kidogo. Ndani ya kilima kikubwa, kiitwacho Craig, mababu walizika mabamba ya shaba yaliyofinyangwa kwa sura za ndege na watu, nguo zilizofumwa, na makombe makubwa ya konokono wa baharini yaliyochorwa kwa ustadi unaoshangaza. Kutoka Spiro hadi Ghuba ya Meksiko ni mamia ya kilomita, kwa hiyo kila kombe lilikuwa limepita mikono mingi. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kikundi cha watu waliojiita kampuni ya uchimbaji madini ya Pocola kilikodi eneo hilo na kuanza kufukua. Walichopata waliuza kwa yeyote aliyekuwa na fedha. Mifupa na nguo walizitupa pembeni, wakamaliza kwa kulipua baruti ndani ya kilima. Bunge la Oklahoma lilipitisha sheria ya kulinda mambo ya kale mwaka 1935, ikiwa miongoni mwa sheria za mwanzo za aina hiyo nchini humo, lakini vitu vilikwisha kutawanyika kwenye makumbusho na makabati ya matajiri. Magazeti yalikifananisha kilima hicho na kaburi la Tutankhamun. Hayakutaja sana kwamba wajukuu wa waliozikwa humo walikuwa hai, kilomita mia kadhaa magharibi, katika jimbo hilohilo.

Wajukuu hao walikuwa na masimulizi yao ya asili, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka vinywani mwao. Watu waliishi chini ya ardhi, gizani, kisha wakapanda kuja duniani wakiongozwa na kiongozi aliyeitwa Neesh, yaani Mwezi. Mzee alitangulia, mkono mmoja ameshika moto na kiko, mwingine ngoma. Mkewe alimfuata akiwa na mbegu za mahindi na maboga. Wakaambiwa wasigeuke nyuma. Mbwamwitu akageuka, njia ikafunga, na waliokuwa hawajatoka wakabaki chini. Waliotoka wakakaa wakawalilia ndugu zao, na mahali hapo pakaitwa pa kulilia. Tazama walivyobeba: moto, tumbaku, ngoma, mbegu. Karibu kila kitu ambacho Wahispania na Wafaransa walikuja kukieleza kuhusu maisha ya Wacaddo kimo kwenye mikono ya wazee hao wawili.

Moto kwanza. Kwa Wahasinai palikuwa na hekalu lenye moto usiozimwa, ukilindwa na kuhani mkuu aliyeitwa xinesi, cheo kilichorithiwa. Mioto ya nyumbani ilitokana na moto huo. Chini ya xinesi kila jamii ilikuwa na mkuu wake, caddi, aliyetawala akishauriana na wazee walioitwa canahas, na kulikuwa na wapiga mbiu, tammas, waliotangaza amri na kuhakikisha zinatekelezwa. Xinesi hakuwa mfalme wa kuamuru majeshi ya wote. Aliwaunganisha kwa ibada, na mambo ya vita na mashamba aliwaachia wakuu wa jamii. Koo nyingi zilifuatwa kwa upande wa mama, na wanawake walikuwa na sauti kubwa katika nyumba, shamba na chakula.

Nyumba zao zilikuwa za nyasi, zimeezekwa kutoka kileleni hadi chini. Aliyewahi kuona msonge wa Wahaya kule Kagera hatapata shida kuzipiga picha akilini. Kilichowashangaza mapadre wa Kihispania ni namna zilivyojengwa. Tamma alipita usiku wa kuamkia siku ya kazi akiwaamsha watu, kila mmoja akaja na mti wake aliopangiwa, wakachimbia miti kwa duara, wakaipinda na kuifunga juu, wengine wakaezeka. Jua lilipofika utosini nyumba ilikuwa imesimama. Aliyechelewa alipokewa na tamma kwa fimbo, mbele ya watu, na hakununa. Mwenye nyumba hakushika kazi. Wajibu wake ulikuwa kulisha umati, na alikuwa amejiandaa kwa nyama na mahindi tangu zamani.

Walilima mahindi ya aina mbili, ya mapema na ya kuchelewa, pamoja na maharage, maboga, alizeti na tumbaku. Majira ya baridi walikwenda kuwinda nyati wa Amerika upande wa magharibi. Walikuwa na chumvi ya kuuza, na mti unaoitwa kwa Kifaransa bois d'arc, ambao pinde zake zilitafutwa na makabila ya mbali. Vyungu vyao vilikuwa fahari ya pekee: chupa za udongo zilizosuguliwa hadi zikang'aa, zikachorwa michirizi inayojizungusha bila kukatika, kisha michirizi ikajazwa rangi nyekundu au nyeupe.

Mzungu wa kwanza kupita humo alikuja kwa mabavu. Baada ya jemadari Mhispania Hernando de Soto kufa mwaka 1542, Luis de Moscoso aliongoza mabaki ya jeshi lake kuvuka nchi ya Wacaddo akitafuta njia ya nchi kavu kwenda Meksiko. Walipora mahindi, wakawatesa wenyeji ili wawaonyeshe njia, na baadhi ya waongozaji waliwapeleka kwa makusudi kusikokuwa na chakula. Mashariki mwa Texas mahindi yaliwaishia, wakarudi walikotoka. Kwa zaidi ya miaka 140 baada ya hapo hakuna Mzungu aliyeandika tena habari za watu hawa.

Waliofuata walikuja wakiwa wanyonge, na hapo tunaona diplomasia ya Wacaddo ikifanya kazi. Mwaka 1687 mpelelezi Mfaransa La Salle aliuawa na watu wake mwenyewe huko Texas. Wachache waliobaki, akiwemo Henri Joutel, walipita kwa Wahasinai na kisha kwa Kadohadacho. Karibu na kijiji kimoja, wazee walikuja kuwapokea na kuwaambia kwamba ni desturi wageni wabebwe mgongoni. Joutel alikuwa mrefu, amevaa nguo nyingi na kubeba bunduki, bastola, risasi na sufuria, na aliyembeba alikuwa mfupi kuliko yeye. Ikabidi watu wengine wawili washike miguu yake isiburute. Walipofika wakaoshwa nyuso, wakakalishwa mahali pa heshima, wakavutishwa kiko.

Joutel aliandika hayo kama kioja. Kwa wenyeji ilikuwa kazi ya serikali. Mtu asiye na ukoo hana wa kumwajibisha. Ukimbeba, ukimuosha, ukavuta naye kiko na kupeana zawadi, amekuwa ndugu, na ndugu ana wajibu. Wahasinai waliwaita washirika wao wa namna hiyo kwa neno ambalo Wahispania walilisikia kama tejas. Wahispania wakadhani ni jina la nchi, na ndilo tunaloliandika leo Texas. Jimbo hilo liliuchukua hata urafiki wenyewe kuwa kaulimbiu yake rasmi mwaka 1930. Wakati huo Wacaddo walikuwa wametolewa Texas kwa miaka 71.

Wahispania hawakuujua wajibu wa ndugu. Mwaka 1690 Alonso de León na padre Damián Massanet walianzisha misheni ya San Francisco de los Tejas miongoni mwa Wahasinai. Askari waliachwa bila wake wala familia, wakawasumbua wanawake wa wenyeji. Majira ya baridi yaliyofuata ukazuka ugonjwa ulioua watu wengi mno. Mapadre walikimbilia kuwabatiza waliokuwa mahututi, na waliobatizwa wakafa. Wahasinai wakahitimisha kwamba maji ya ubatizo yanaua. Kwa ushahidi waliokuwa nao mbele ya macho, sioni wangewezaje kuhitimisha vingine. Mwaka 1693 wakawaambia Wahispania waondoke, na mapadre wakaifukia kengele na kuichoma misheni wenyewe.

Wafaransa walijifunza haraka zaidi. Louis Juchereau de St. Denis alianzisha kituo cha Natchitoches mwaka 1714, na wafanyabiashara wa Kifaransa walikaa vijijini, wakajifunza lugha, wakaoa. Waliuza bunduki, mashoka na vitambaa, wakanunua ngozi, farasi na mafuta ya dubu. Wahispania wakashtuka, wakarudi 1716, na mwaka 1721 wakajenga ngome ya Los Adaes mwendo wa siku moja tu kutoka Natchitoches na baadaye wakaifanya makao makuu ya Texas. Kwa hiyo Wacaddo wakawa katikati ya falme mbili zilizoogopana, kila moja ikiwahitaji. Hapo ndipo urafiki wao ulipokuwa na meno: mmoja akikudharau, kuna mwingine anasubiri mlangoni na zawadi.

Lakini nyumba ilikuwa inaungua kwa ndani. Ndui, surua na homa zilirudi tena na tena katika karne ya 18, na mlipuko wa 1777 ulikuwa mkali hasa. Kutoka kaskazini Waosage, waliokuwa na bunduki nyingi, walishambulia vijiji vya Mto Red mfululizo. Jamii iliyobaki na watu wachache ilihamia kwa jirani yake, jirani naye akahamia kwa mwingine. Kufikia karibu 1800 Kadohadacho walikuwa wameacha kona kubwa ya mto na kwenda kukaa jirani na Ziwa Caddo. Hivyo ndivyo jamii nyingi zilivyoanza kuwa "Caddo" mmoja: watu walipungua, wakasogeleana.

Mtu aliyeicheza hali hiyo kwa akili kuliko wote ni Dehahuit, mkuu wa Kadohadacho tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Marekani ilinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803, na mpaka na Hispania haukujulikana uko wapi. Mwaka 1806 wanajeshi wa Hispania waliingia kijijini kwake na kuikata bendera ya Marekani iliyokuwa ikipepea hapo. Dehahuit alilalamika, akakutana na Gavana Claiborne wa upande wa Marekani mjini Natchitoches, akasikiliza hotuba ndefu, na akarudi nyumbani bila kufungiwa upande wowote. Mataifa yote mawili yaliamini kwamba wapiganaji wa makabila ya eneo hilo wangemfuata yeye. Zawadi ziliendelea kuja.

Kisha mizani ikavunjika. Mwaka 1821 mkataba wa mpaka kati ya Hispania na Marekani ulianza kutumika, na mwaka huohuo Meksiko ikajitenga na Hispania. Marekani haikuwa tena na mshindani wa kuogopa upande ule, na Wacaddo hawakuwa na mtu wa pili wa kumgeukia. Walowezi wakaingia na pamba yao. Kilichokuwa kimewazuia ni msongamano wa magogo uliouziba Mto Red kwa zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1833 Kapteni Henry Shreve alianza kuung'oa kwa meli maalumu za mvuke, na kila kilomita iliyofunguka ilipandisha bei ya ardhi ya Wacaddo. Mwaka huohuo Dehahuit akafariki. Miezi isingeweza kupangwa vibaya zaidi.

Wakala Jehiel Brooks ndiye aliyeletewa kazi ya kuinunua ardhi. Waliobaki walikuwa mamia tu, wengi wakiwa na madeni na njaa, na walowezi tayari wamejaa mashambani mwao. Ndani ya mkataba kukaongezwa kipengele kilichowapa warithi wa mkalimani marehemu, François Grappe, kipande kikubwa cha ardhi nzuri kando ya mto. Muda si mrefu kipande hicho kikawa mali ya Brooks mwenyewe, aliyekinunua kwa warithi. Wacaddo walipeleka malalamiko Washington wakisema wamelaghaiwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1850 Brooks akashinda. Mkalimani mwingine, Larkin Edwards, naye alipewa eneo lake. Aliliuza, na juu yake ukajengwa mji wa Shreveport.

"Nje ya mipaka ya Marekani" ilimaanisha Texas, ambayo mwaka 1835 bado ilikuwa ya Meksiko. Wengi walivuka kwenda kwa ndugu zao Wahasinai. Miezi michache baadaye Texas ikajitangazia uhuru, na chini ya rais wake wa pili kuchaguliwa, Mirabeau Lamar, sera ikawa kuwafukuza wenyeji wote. Mwaka 1845 Texas ikaingia Marekani, na Wacaddo wakajikuta ndani ya mipaka waliyoambiwa watoke, bila kupiga hatua hata moja.

Mwaka 1854 walitengewa eneo kwenye Mto Brazos. Walilima, wakajenga, na vijana wao wakalisaidia jeshi dhidi ya Wacomanche. Desemba 1858 kundi la walowezi lilivamia kambi yao ya uwindaji alfajiri na kuua watu saba waliokuwa wamelala, wanawake wakiwemo. Wauaji walijulikana kwa majina. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Wakala Robert Neighbors, ambaye naona ndiye ofisa pekee katika historia hii aliyelipa gharama ya kusimama nao, aliwaongoza watu zaidi ya elfu moja wa makabila mbalimbali kuvuka Mto Red Agosti 1859, kwenye joto kali, wakiacha mazao na mifugo. Alimwandikia mkewe kwamba amewatoa katika nchi ya Wafilisti. Mwezi uliofuata, akiwa njiani kurudi nyumbani, alipigwa risasi mgongoni huko Fort Belknap.

Huko walikofika ndiko Oklahoma ya leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliwasukuma wengi hadi Kansas kwa miaka kadhaa. Waliporudi walipewa eneo pamoja na Wawichita na Wadelaware, nalo likagawanywa mwanzoni mwa karne ya 20: ekari 160 kwa kila mtu, na iliyobaki wakapewa walowezi. Katika dhiki hiyo alitokea Nishkuntu, aliyejulikana kwa Kiingereza kama John Wilson, kiongozi wa Ngoma ya Mizimu, vuguvugu la kidini la wenyeji wa Amerika, na baadaye mwanzilishi wa taratibu mojawapo ya ibada ya peyote, mmea wa jangwani unaoliwa katika sala, ambayo ilisambaa kwenye makabila mengine. Mwaka 1938 Wacaddo walipitisha katiba yao. Makao makuu ya taifa yako Binger, Oklahoma, na raia wake ni maelfu kadhaa.

Utamaduni umebaki zaidi kwenye ngoma. Ile ya Batamzinga ni ya wanawake, huchezwa mchana na lazima iishe kabla jua halijatua. Nyimbo zake zinataja vita na ushindi wa zamani, nyingine kwa lahaja ambazo hazisemwi tena, kwa hiyo mchezaji anaimba historia ya jamii ambayo jina lake limekwisha kumezwa na "Caddo". Wachezaji huvaa nyuma ya kichwa dush-toh, kibao chenye umbo la kipepeo kinachoning'iniza utepe mrefu wa rangi nyingi, na kila hatua huufanya upepee.

Vyungu vilikuwa vimekufa kabisa. Miaka ya 1990 Jereldine Redcorn aliviona vile vya mababu makumbusho, akaanza kujifundisha kufinyanga, kusugua na kuchora kwa namna ya zamani. Mwaka 2009 chungu chake kimoja kiliwekwa ndani ya ofisi ya Rais wa Marekani, na sasa wapo wafinyanzi wengine wa Kicaddo wanaoishi kwa kazi hiyo. Aprili 2019, siku ya utamaduni wa Kicaddo kwenye vilima vya Alto, kimbunga kiliwakuta watu wakiwa wamekusanyika, kikaua mtu mmoja, kikajeruhi wengi na kuibomoa nyumba ya nyasi iliyokuwa imejengwa hapo kuonyesha ufundi wa kale. Ilijengwa upya, na Wacaddo wenyewe wakiwa miongoni mwa wajenzi.

Lugha ina hali ngumu kuliko vyote. Mzungumzaji wa mwisho aliyeipata tangu utotoni alifariki Julai 2025. Kilichobaki ni kanda, zikiwemo zilizorekodiwa na mwanaisimu Wallace Chafe kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, sarufi yake iliyochapishwa 2018, madarasa ya taifa lenyewe, na zile nyimbo. Kwa wanafunzi wa leo maneno mengi hufika kwanza yakiwa na mdundo, kabla hawajaweza kuyatumia kuomba maji.